Mrija Usio na Adabu

Mara ya kwanza kila mtu alijifanya hakusikia. Ilikuwa Jumanne jioni, sahani zimeshatolewa mezani, chai imemiminwa, na watu wazima watatu wamekaa sebuleni wakitazama samaki. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake kando ya tangi la vioo, mjukuu wake wa miezi minne amelala mapajani. Binti yake alikuwa anakunja nepi. Mkwe wake, fundi bomba, alikuwa amenyoosha miguu na kufungua kifungo kimoja cha suruali. Ndipo sauti ikatoka. Ilianza chini chini, ikapanda, ikatetemeka, ikakata, halafu ikarudi kidogo kumalizia kilichobaki. Pruuuuu... plop.

Nakuambia mapema, msomaji, usije ukasumbuka bure: ulikuwa mrija. Wale watatu hawakujua, na shida yote inaanzia hapo.

Tangi lile Fundi aliachiwa na mteja aliyekuwa anahama, pamoja na samaki wake saba. Mtu mwingine angelijaza maji akatia samaki, basi. Fundi hakuwa mtu mwingine. Alitaka maji yajisafishe yenyewe: yashuke hadi kwenye beseni lililofichwa kabatini chini ya tangi, yapite kwenye sponji, kisha pampu iyarudishe juu. Njia rahisi ya kuyashusha ni kutoboa kioo, lakini mke wake alimwambia kwamba siku atakayotoboa kioo sebuleni mwake ndiyo siku atakayohamia stoo na samaki wake. Basi akakunja bomba la plastiki kwa moto, likawa na umbo la mpini wa mwavuli. Upande mmoja wa mrija huo uliingia tangini, ukapanda juu ya ukingo wa kioo, ukashukia kwenye kisanduku kilichoning'inizwa nje. Maji yalijifyonza yenyewe kwenda kisandukuni, na kutoka hapo bomba nene liliyateremsha hadi kwenye beseni.

Aliujaribu uani kwa siku mbili, na haukutoa hata mnong'ono. Alimwita mke wake mara tatu aje asikie jinsi usivyosikika. Ukimya ndio ulikuwa fahari ya mtu yule. Ukutani mbele ya nyumba aliandika kwa rangi ya buluu BOMBA KIMYA, na koki za nyumba yake hazikudondosha tone. Lakini alipoingiza mtambo ndani alirefusha lile bomba nene, likazama mno kwenye beseni, na juu yake hakuacha mahali pa kupitisha hewa. Maji yalipoteremka yalivuta hewa kwa nguvu, bomba likapaliwa, na kila baada ya dakika kadhaa likasafisha koo kwa namna uliyoisikia.

Na kuna jambo moja la kuongeza. Swichi ya pampu ilikuwa ukutani kando ya kiti cha mama mkwe. Mama huyo aliwapenda samaki, ila hakupenda umeme upotee bila mtu wa kuutumia. Akikaa, anawasha. Akiinuka, anazima. Kwa hiyo sauti ile haikutoka siku yoyote wala saa yoyote isipokuwa yeye ameketi pale.

Jumanne ile, baada ya plop, Fundi alikohoa kwa nguvu. Alimwonea huruma mama wa watu, umri ule, na akataka kumfunika. Mama mkwe alisikia kikohozi akamwonea huruma mkwe wake, kwamba anajificha nyuma ya kikohozi kama mtoto. Akageuza uso kwa adabu na kuuliza yule samaki mwenye mapezi marefu anakula nini. Binti mtu hakuwa na huruma na yeyote. Alimkodolea mumewe macho, kwa uhakika wa mwanamke aliyelala na mtu kitanda kimoja kwa miaka mitatu.

*

"Fundi," alimwambia jikoni, mlango umerudishwa.

"Naam, Sista." Alikuwa muuguzi, na hata mumewe alimwita hivyo.

"Mbele ya mama yangu?"

"Nini mbele ya mama yako?"

"Usinitolee macho. Tumesikia sote."

"Mimi nimekohoa tu."

"Kabla hujakohoa."

Fundi akashusha kikombe. "Sista, naapa kwa spana zangu zote. Si mimi."

"Basi nani? Mtoto? Mtoto ana tumbo kubwa kama ngumi yangu."

Fundi alinyamaza. Mke wake alimtazama jinsi anavyonyamaza, na uso ukaanza kumbadilika.

"Unataka kusema mama yangu."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Umenyamaza kwa kusema."

Jumatano walifanya uchunguzi. Sista alimweka mumewe asimame karibu na mlango, mgongo ukutani, eti anamsaidia kupima urefu wa pazia. Mama mkwe akaketi, akawasha swichi, akamweka mtoto mapajani amwoneshe samaki. Baada ya dakika kumi hivi, pruuuuu... plop. Ilitoka upande wa kiti, na mlangoni palikuwa kimya. Fundi alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyeshinda kesi, akaona machozi yanamlenga, akaacha kushinda.

"Ni tumbo," Sista alisema walipokuwa wenyewe. Sauti yake ilikuwa ile ya wodini. "Amebadilisha maji, amebadilisha chakula. Hutokea."

"Umwambie basi anywe dawa."

"Nimwambie nini? Mama, unatuchafulia hewa? Utamwambia wewe?"

Fundi alitikisa kichwa upesi. Mtu anaweza kuzibua choo cha shule nzima asione kinyaa, lakini kumtamkia mama mkwe neno la aina hiyo, heri ardhi ipasuke immeze.

"Tutamtibu kimyakimya," Sista akaamua. "Asijue. Jumatatu iko hapa."

Hiyo Jumatatu ndiyo iliyokuwa inawakosesha usingizi. Likizo ya uzazi ilikwisha, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na metroni alikuwa amesema wazi: Jumatatu saa moja asubuhi awe wodini, la sivyo nafasi yake itapewa mwingine, na wengine walikuwa wanasubiri hadi kwenye ngazi. Mtoto hakuwa na mtu wa kukaa naye isipokuwa bibi yake. Yule mama alikuwa amefunga nyumba yake, akamwachia jirani kuku wake, akaja kwa ajili hiyo tu. Akiondoka, Sista amepoteza kazi.

*

Alhamisi maharage yalitoweka nyumbani. Kabichi nayo ikatoweka, na vitunguu. Mchana ukaletwa wali mtupu na karoti za kuchemsha, na Fundi akazisifu mno hata akatia shaka. Dirisha lililo nyuma ya kiti cha mama mkwe, ambalo halikuwahi kufunguliwa tangu afike, lilikutwa wazi, na kiti chenyewe kimesogezwa karibu nalo zaidi. Kando ya sahani yake paliwekwa kijiko chenye kitu cheupe kizito kama chokaa.

"Hiki nini?"

"Vitamini, mama," alisema binti yake bila kuinua macho. "Za nguvu."

"Na wewe hunywi?"

"Mimi nimeshakunywa."

"Na baba mtoto?"

"Mimi nina nguvu," alisema Fundi, na mara akajiona mjinga.

Mama mkwe alikuwa mwanamke aliyelea watoto wanne na kuwafanya wamalize shule wote. Akangoja wamalize kula, akaenda kabatini na miwani yake, akaitafuta chupa ya hizo vitamini. Iliandikwa kwa herufi kubwa: HUONDOA GESI TUMBONI. Chini yake kulikuwa na picha ya mzee ameshika tumbo, anacheka.

Alisimama pale muda mrefu, chupa mkononi. Ndipo alipoyaona yote kwa pamoja, dirisha, maharage, karoti. Yeye! Yeye aliyemfichia mkwe wake siri siku tatu, akageuza uso, akauliza habari za samaki, akajiambia kijana ni mchapakazi na tumbo halina mwenyewe! Alikimwaga kile kijiko kwenye sinki, akafungulia maji.

Pengine angevumilia. Watu wa rika lake wamevumilia makubwa. Lakini Ijumaa alikwenda duka la dawa kumnunulia mtoto poda. Mwenye duka lile alikuwa mwanamke mnene mchangamfu ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kwenye foleni walikuwepo watu watano.

"Bibi!" Redio akapaza sauti juu ya vichwa vya wote. "Karibu, bibi! Ile gesi vipi? Inatoka?"

Foleni iligeuka. Mwanamume mmoja alisogea hatua moja kando, kidogo tu, kwa heshima.

"Gesi gani?" aliuliza mama mkwe.

"Usione haya, bibi yangu, sisi sote binadamu. Sista ameniambia. Ile chupa ikiisha nina nyingine kali zaidi, hiyo hata farasi anapona!"

Mama mkwe alinunua poda, akahesabu chenji, akaaga. Alirudi nyumbani mgongo umenyooka. Alipofika alimkabidhi binti yake poda, akaingia chumbani, na sauti ya zipu ya begi ikasikika hadi jikoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Jumapili saa nane kuna basi. Nimeuliza."

"Jumatatu naingia kazini, mama!"

"Najua."

"Mtoto atabaki na nani?"

Mama mkwe alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena vizuri. "Nimeitwa farasi dukani, mwanangu. Mbele ya watu. Mtoto nampenda. Wewe nakupenda. Lakini siwezi kukaa nyumba ambayo watu wananifungulia dirisha."

Sista aliomba, akalia, akaeleza kwamba tumbo si aibu bali ni tumbo. Kila alivyoeleza ndivyo alivyoharibu. Fundi alisimama kwenye ukumbi ameshika tama, hana mbele wala nyuma.

*

Jumamosi asubuhi wanawake wawili walimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Fundi alibaki peke yake, na kwa kuwa hakuwa na pa kupeleka mawazo yake, akakaa kwenye kiti cha mama mkwe, akawasha swichi, akawatazama samaki wakizunguka bila wasiwasi wowote duniani. Alikuwa anawaza atampata wapi mlezi kabla ya keshokutwa.

Pruuuuu... plop.

Fundi aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Akatazama mlangoni. Akainuka, akakitazama kiti. Nasikitika kusema kwamba alikinusa. Kisha akajichunguza mwenyewe kwa unyofu wote, akajiona hana hatia.

Akaketi tena, akangoja huku ameshika magoti. Dakika nne. Tano. Safari hii aliiona: maji kwenye kisanduku yakapanda, yakazunguka kwa kisulisuli, kishimo kikajifungua katikati, kikavuta hewa, na bomba nyuma ya kabati likatoa heshima zake zote.

"Wewe!" alisema Fundi.

Furaha ilimjaa. Alitaka kukimbia hadi kliniki kupiga kelele. Alikuwa ameshaufungua mlango alipokumbuka kitu kilichoandikwa ukutani kwa rangi ya buluu, akaurudisha taratibu. Bomba lake. La mikono yake. Limempigia mama mkwe matusi siku tano, na yeye, fundi mzima, alisimama pale akamwachia mama wa watu mzigo.

Akapiga magoti. Kwanza akafanya kosa la haraka: akaziba mdomo wa bomba kwa sponji. Kelele ikakatika papo hapo, akatabasamu, na kabla hajamaliza kutabasamu maji yakaanza kupanda tangini, kwa maana pampu iliendelea kuyaleta na njia ya kushuka imezibwa. Yalifika ukingoni, yakapita ukingo, yakamwagikia soksi zake. Samaki mwenye mapezi marefu alikuja juu kabisa, akachungulia sakafu. Fundi alirukia swichi, akateleza, akaizima kwa kisogo. Hilo la kisogo baadaye hakumwambia mtu.

Aliketi kwenye maji akafikiri sawasawa. Bomba halikuwa na ubaya, lilikuwa halipumui. Akakata bomba nene sehemu ya juu, akaunga kiungo cha njia tatu: njia moja ya maji kuingia, moja ya kushukia, na ya tatu inayotazama juu akaifunika kwa kizibo. Akapasha msumari moto, akatoboa kizibo tundu dogo ili hewa iingie kidogo kidogo badala ya kunyakuliwa kwa fujo. Tundu la kwanza lilitoa mluzi. Akatoboa kizibo kingine, tundu pana zaidi, mluzi ukafa. Chini akalifupisha bomba, mdomo wake ukagusa maji ya beseni pasipo kuzama. Akawasha. Akasubiri nusu saa na saa yake mkononi. Maji yalishuka kama mafuta, na chumba chote kilisikia saa ya ukutani tu.

Akapangusa sakafu, akaanika soksi, akajipongeza. Imekwisha, alijiambia. Kelele hakuna, ugomvi utapoa, kuna haja gani ya kufukua?

*

Jioni ile mama mkwe aliketi kwenye kiti chake kwa mazoea tu, kwani ilikuwa jioni ya mwisho. Akawasha swichi. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Sista aliacha kukunja nepi. Akasikiliza. Akamtazama mumewe, akamtazama mama yake, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, ile ya muuguzi ambaye mgonjwa wake ameamka ameomba chakula.

"Mama," alisema, "unaona lakini? Dawa imefanya kazi!"

Lilikuwa limesemwa sasa, waziwazi, mbele ya wote. Mama mkwe alitazama samaki. Angesema nini? Kwamba dawa aliimwaga? Hata angesema, ukimya ule ulikuwa umeshamhukumu. Machozi mawili yalimtoka, akayafuta kwa nepi ya mjukuu.

"Alhamdu... basi," alisema. "Nimepona."

Na Fundi? Fundi alinyamaza. Alikunywa chai. Hapa ndipo nilipomkasirikia mtu huyu, ingawa kwa kawaida nampenda. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, yeye akaumeza kwa chai, na alipokwenda kulala alijigeuzageuza mpaka mkewe akamwuliza kama na yeye tumbo linamsumbua.

*

Jumapili, baada ya kifungua kinywa, begi lilikuwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vya safari. Sista amembeba mtoto, macho yamevimba.

"Mama," alisema Fundi. "Nakuomba ukae dakika kumi."

"Nimeshakaa, baba. Nimekaa vya kutosha."

"Basi usikae. Simama. Simama mbali kabisa na kiti. Tena toka nje."

"Fundi!" mkewe alishtuka.

"Sista, nyamaza kidogo. Mama, simama pale uani, dirisha liko wazi. Nakuomba."

Kulikuwa na kitu usoni mwake, na mama mkwe akatoka. Akasimama uani, mikono kiunoni. Fundi aliking'oa kile kiungo chake kizuri, akarudisha lile bomba la zamani kama lilivyokuwa, akawasha swichi. Sebuleni hakuna aliyekaa kwenye kiti kile. Mtoto alikuwa ananyonya kidole.

Pruuuuu... plop.

Sista alishika mdomo. Nje, mama mkwe alikuwa amesimama wima kama askari.

"Tena!" aliita.

"Inachukua dakika tano, Mama."

"Nasubiri!"

Wakasubiri. Ikatoka tena, ndefu kuliko zote, na mtoto akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza katika maisha yake, jambo ambalo wazazi wake hawakuwa na nafasi ya kulifurahia. Sista alikwenda uani, akapiga magoti kwenye saruji na mtoto mkononi, hakuweza kusema zaidi ya "nisamehe, mama, nisamehe". Fundi naye akaja akapiga magoti kando yake. Akasema kwamba alijua tangu jana. Hilo halikuulizwa na mtu, alilisema mwenyewe.

"Tangu jana," alirudia mama mkwe. "Na jana usiku uliniona nalia."

"Nilikuona, Mama."

"Mlimwambia nani mwingine mambo haya?"

"Redio tu," alisema Sista.

"Redio tu!" Mama mkwe alitazama mbingu. "Basi ndugu yangu aliye ng'ambo naye anajua." Akamwelekezea mkwe wake kidole. "Utakwenda dukani. Utasema mbele ya watu, kama nilivyosemwa mbele ya watu. Nitakuwa nyuma yako. Ukimaliza, nitajua kama ninapanda basi au sipandi."

*

Duka lilikuwa limejaa. Fundi aliondoa kofia. Mama mkwe alisimama kizingitini.

"Jamani," alisema Fundi, "nina neno. Kuhusu mama mkwe wangu na lile jambo la gesi. Hakuwa yeye. Ni bomba langu."

Redio aliacha kufunga vidonge. "Bomba lako?"

"La tangi la samaki. Maji yanashuka, sasa hewa haina pa kuingilia, kwa hiyo bomba linavuta..." Akaonesha kwa mikono mrija unavyopanda, unavyopinda, unavyoshuka. Akauiga na mlio. Mlio ule aliuiga vizuri kupita kiasi. Mtoto wa mteja mmoja alianguka chini kwa kicheko.

"Ona mkwe mwema!" Redio alisema, ameshika kifua kwa huruma. "Jamani, anamfichia mama yake! Ametunga na mabomba! Wangapi wenu mna wakwe kama huyu?"

Watu waliitikia kwa kupiga makofi. Bibi mmoja alimpa mkono wa pole mama mkwe pale mlangoni na kumwambia kwamba ana bahati, na kwamba hata yeye baada ya miaka sitini anasumbuliwa. Kila Fundi alivyoeleza habari ya kizibo na tundu ndivyo walivyomwonea huruma mama mkwe zaidi. Fundi aligeuka akamwona. Uso wa yule mama ulikuwa umemshuka kuliko siku zote, na mkono wake tayari umeshika fremu ya mlango kwa kutaka kuondoka.

Fundi akavuta pumzi. Wateja wake wanane walikuwa humo ndani, alikuwa amewahesabu alipoingia. Mmoja wao, mwanamume aliyesimama pembeni, alikuwa amemuahidi kazi ya nyumba nzima, vyoo vitatu.

"Sawa," alisema. "Hakuna bomba. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekuwa najamba."

Mtoto aliyekuwa anacheka aliinuka sakafuni.

"Siku zote tano," aliendelea, jasho likimtoka. "Mezani. Sebuleni. Nilikuwa natoa kisha nakohoa. Mke wangu akaniuliza, nikamsingizia mama yake. Mama wa watu alinisitiri, hakusema kitu, mpaka mkamwita farasi hapa. Yeye hajawahi. Mimi ndiye."

Hilo waliliamini mara moja. Walilielewa kabisa, lilikuwa na kila kitu. Bibi wa miaka sitini akasonya. Mwanamume wa vyoo vitatu akatikisa kichwa, akasema kumbe, huyu na ukubwa wote huu. Redio alikuwa ameshashusha chupa kubwa kutoka rafu ya juu.

"Mkosefu wa adabu! Mama mkwe wako, mtu aliyekupa binti! Kunywa. Kunywa hapa hapa nikuone."

Fundi alikunywa. Kijiko cha kwanza, cha pili, na cha tatu ambacho Redio alimwongezea kwa hasira yake mwenyewe. Kisha akamgeukia mama mkwe, akamwomba radhi kwa niaba ya mtaa mzima, na watu wakampisha njia mama huyo kama wanavyompisha mgeni wa heshima.

Walirudi, mama mkwe mbele, Fundi nyuma na chupa yake. Kwenye kona, mbali na macho ya watu, mama mkwe alisimama na kuinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Fundi alidhani analia, akaanza kuomba msamaha upya, mpaka alipoona kwamba anacheka, anacheka mpaka ameshikilia ukuta.

"Umesema mbele ya watu wote wale," alisema alipopata pumzi.

"Nimesema, Mama."

"Na si kweli."

"Si kweli hata kidogo, Mama."

Alimtazama sana. Kicheko kilikuwa kimeondoka, machozi yamebaki. "Marehemu mume wangu," alisema, "miaka thelathini na moja alinisingizia mimi. Mbele ya wageni, mbele ya ndugu zake. Alikuwa ananitazama mimi, halafu anafungua dirisha. Na kila mara alikuwa yeye."

Akatoa leso, akamfuta mkwe wake weupe wa dawa kidevuni kama anavyomfuta mjukuu.

"Kalirudishe begi chumbani, mwanangu," alisema. "Kisha mwambie mke wako apige pasi sare yake."